Kazi Aliyoifanya Telesphor

Shangazi Bernadetha alivitumia visahani vya Telesphor siku nne nzima kabla mtu yeyote hajajua ni vya nini. Vilikuwa vya plastiki angavu, vyepesi, kila kimoja na kifuniko chake, vimepangwa ishirini ishirini ndani ya mifuko. Yeye aliona vinafaa kwa chumvi. Msiba una watu, na watu wanakula, na nyumba ya kaka yake Yohani ilikuwa na vibakuli vitatu tu visivyo na ufa. Akaichana mifuko, akavisuuza visahani, akatia chumvi, pilipili na karanga za kukaanga, akavitandaza mkekani. Wazee wa Kibaoni walivisifu. Mmoja aliomba viwili akaweke ugoro.

Vilitoka kwenye sanduku la Telesphor, ambalo lilifika mwezi wa nne likiwa limefungwa kwa kamba ya nailoni. Mwenye sanduku hakufika. Alikufa Dar es Salaam mwezi wa kwanza, mwaka huo wa 1998, kwa malaria iliyompanda kichwani, wiki zile ambazo mvua za El Nino zilikuwa zimekata reli na barabara. Wenzake wa chuoni alikofundisha walimzika huko huko. Habari ilikuja kwa simu ya upepo ya misheni, na katekista akaiandika kwenye karatasi akamletea dada wa marehemu, Theopista, darasani alipokuwa akifundisha. Yalikuwa maneno kumi na moja. Theopista aliikunja karatasi, akamaliza kipindi, ndipo akaenda kumwambia baba yao, Yohani.

Kwa hiyo sanduku lilipofika watu walikusanyika na kulia upya kana kwamba ni mwili. Siku ya nne Enoka, mtoto wa baba mdogo wa Telesphor, alikuwa akiwasomea wazee barua moja ya zamani ambayo Telesphor aliituma kutoka Ulaya alikokwenda kusoma. Enoka alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na mkono mmoja ulikuwa unachota karanga.

"'Hapa kazi yangu ni kufuga bakteria,'" alisoma. "'Ni vijidudu vidogo ambavyo macho hayavioni. Ninavifuga kwenye visahani vya plastiki vyenye vifuniko…'"

Akaangalia karanga mkononi. Kila mtu mkekani akaangalia alichoshika.

Wazee wawili walikwenda nyuma ya nyumba kutapika. Yule wa ugoro alikimbilia kwake kuvitupa visahani vyake. Aliyeendelea kutafuna alikuwa Malale peke yake, jirani Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka sita nyuma.

"Mimi nimekula siku tatu," alisema. "Kama ni kufa, nimeshachelewa kuogopa."

Theopista alieleza kwamba visahani vilikuwa vipya, kwamba mifuko ilikuwa haijafunguliwa, kwamba kaka yake alivileta kwa ajili ya kufundishia wanafunzi na havikuwahi kuwekwa kitu chochote. Alieleza kwa utulivu, mara mbili. Bernadetha alivikusanya akavichoma kando ya shimo la taka, vikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, na harufu hiyo ikawathibitishia watu kile walichokuwa wanakiogopa. Jioni hiyo hiyo sokoni ilisemwa kwamba mtoto wa Yohani alikuwa mfugaji wa magonjwa, na kwamba yalimgeuka mwenyewe.

Maneno hayo yangepita kama yanavyopita mengine, kama si suala la jina.

Katika ukoo wa Yohani jina la mtu mzima aliyekufa haliachwi chini. Mavuno yakishaingia watu huitwa kumaliza msiba, na ndugu mmoja hukalishwa mkekani kulipokea. Lakini jina halitolewi tupu. Kwanza mtu wa nyumba husimama na kusema mikono ya marehemu ilifanya kazi gani, mbele ya wote, na yeyote anaweza kuuliza. Mrithi husikiliza, akaisema kazi hiyo kwa maneno yake mwenyewe, akakabidhiwa kifaa kimoja cha marehemu. Halazimiki kuifanya kazi yenyewe; kinachotakiwa ni kwamba watoto wakimuuliza aweze kuwaambia. Kazi isipoelezeka, au mrithi akikataa, jina hukomea hapo. Hakuna mtoto atakayepewa tena katika ukoo ule. Jambo hilo lilishatokea kwa babu mmoja ambaye hakuna aliyejua alikuwa akienda wapi miezi ya kiangazi, na jina lake sasa hata Bernadetha alikuwa amelisahau.

Mrithi aliyechaguliwa tangu mwezi wa kwanza alikuwa Enoka. Mwishoni mwa mwezi wa tano, mpunga ukiwa bado kwenye viwanja vya kupuria, alikuja kwa Theopista pamoja na mkewe, Sikujua, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Dada," alisema Enoka, "mimi sijakataa."

"Ila?"

"Ila ninaulizwa. Kisimani wanamuuliza huyu. Wanasema, mume wako akishaitwa Telesphor na mtoto akizaliwa, atazaliwa na nini?"

Sikujua alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa Karema, na kule ziwani mama yake alikufa kwa kuhara na kutapika kwa siku moja, Sikujua akiwa na miaka kumi na miwili.

"Wifi," alisema polepole, "mganga wa zahanati alituambia mama ameuawa na vijidudu. Sikuvijua, nikavichukia hivyo hivyo. Sasa nimpikie mtu mwenye jina la aliyekuwa anavifuga?"

Theopista alisema, "Jumamosi ya kumaliza msiba nitaeleza. Msikilize kwanza."

"Utaeleza nini?" aliuliza Enoka. "Wewe unaielewa?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Katika sanduku kulikuwa na daftari nene la Telesphor, limeandikwa kwa Kiingereza, lenye michoro ya mistari miwili inayokwenda sambamba na kitu kama uzi kinachopita katikati yake kwenda na kurudi. Theopista alikuwa na kidato cha nne na kamusi ya shule. Kila siku baada ya kusahihisha madaftari alilifungua hilo moja. Pamoja na barua, ambazo kaka yake aliziandika kwa Kiswahili na kwa subira, alianza kuona njia. Lakini alipojaribu kuieleza kwa sauti, peke yake jikoni, aliisikia ikivunjika kila sentensi ya tatu.

Bernadetha alikuwa na dawa ya tatizo hilo.

"Sema alikuwa daktari," alisema, akipepeta mchele. "Sema alikuwa anatengeneza dawa ya kuhara. Enoka atapokea, Sikujua atafurahi, mimi nitapiga vigelegele, yamekwisha."

"Hakuwa daktari, Shangazi."

"Nani atajua? Nani hapa Kibaoni atakwenda Ulaya kuuliza?"

"Enoka ataisema miaka yote. Atawaambia watoto."

"Na wewe unataka awaambie nini? Kwamba baba yenu mkubwa alikuwa anachungulia wadudu? Theo, mwanangu, mimi ninakwambia kwa upendo. Ukweli wako utalizika jina la kaka yako."

Theopista aliondoka na maneno hayo, na kwa siku kadhaa aliyabeba. Haikuwa dhambi kubwa. Hata Yohani asingeuliza. Baba yake alikuwa hajauliza chochote tangu mwezi wa kwanza.

Yohani alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, na wiki ya kumaliza msiba alikuwa na kitanda kimoja cha kumalizia kwa ajili ya wageni watakaotoka Mpanda. Hakuwa mtu wa kusokota kamba yote kwanza. Kamba ndefu ikiachwa chini hujiviringa yenyewe, hushika mchanga, hufunga mafundo, na mchana wote unapotea katika kuifumbua. Yeye alisokota katani juu ya paja, na ncha ilipochomoza tu, msaidizi aliishika, akaipeleka kwenye fremu, akaipenyeza tunduni na kuvuta. Kamba iliendelea kutoka pajani wakati mbele yake imeshaingia kitandani. Zamani wasaidizi walikuwa watoto wake wawili kwa zamu. Alhamisi hiyo alikuwa Theopista.

Alivuta, akapitisha juu, akapitisha chini. Katikati ya mstari wa nne akaikumbuka michoro ya daftari, akasimama na kamba mkononi.

"Vuta," alisema Yohani. "Itajiviringa."

Theopista akavuta. Aliivuta mpaka mwisho wa kitanda kwa umakini ambao haukuhitajika. Baadaye alirudi kwenye daftari akatafuta kama kaka yake aliwahi kuandika mahali popote kuhusu vitanda. Hakuandika. Kulikuwa na tarehe, vipimo, na mistari miwili sambamba. Theopista aliamua kwamba hatadai wazo la kaka yake lilitoka kwenye vitanda vya baba. Atatumia kitanda kama mwalimu anavyotumia chaki.

Jumamosi watu walijaa uani. Enoka alikaa mkekani, miguu ameinyoosha. Sikujua alikaa nyuma yake na wanawake. Kitanda kipya kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimebakizwa mistari michache upande wa miguuni. Bernadetha alimwangalia Theopista kwa macho ya kumkumbusha.

"Kaka yangu hakuwa daktari," alianza Theopista, "na hakutengeneza dawa."

Bernadetha alishusha pumzi ikasikika mpaka mlangoni.

"Aliwaangalia bakteria wa aina moja. Ni kiumbe kidogo kuliko vumbi. Wapo tumboni mwa kila mtu aliyekaa hapa, na wengi wao hawatudhuru."

"Mwangu hawamo," alisema mzee wa ugoro.

"Wewe ndiye mwenye kundi," alisema Malale. Watu wakacheka. Malale akainua mkono. "Dada mwalimu, mimi ninauliza kama mfugaji. Alikuwa nao wangapi?"

"Hawahesabiki. Wakishiba, kila mmoja anakuwa wawili baada ya dakika ishirini."

"Dakika ishirini!" Malale alishika kichwa. "Mimi ninangoja ng'ombe miezi tisa! Kwa nini hakuniletea hata dume moja?"

Theopista alingoja kicheko kiishe. Kisha akaenda kwenye kitanda.

"Bakteria huyo ana ngozi mbili, ya nje na ya ndani. Kaka aliangalia ya ndani. Ni utando wa mafuta. Huku maji, huku maji, katikati mafuta. Peke yake utando huo haupitishi kitu. Chakula hakiingii, sumu haitoki. Kwa hiyo bakteria huchomeka humo vitu vya kumsaidia. Vingine ni milango, vingine ni kama pampu. Vimetengenezwa kwa protini, na kila protini mwanzo wake ni uzi mmoja mrefu." Aliishika kamba. "Shida iko hapa. Uzi huo unasokotwa ndani, kwenye maji. Lakini una vipande vya mafuta, kwa sababu makao yake ni kwenye mafuta. Ukiachwa umalizike majini, nini kitatokea?"

Hakuna aliyetarajiwa kujibu.

"Utajiviringa," alisema Yohani kutoka kwenye kigoda chake.

"Utajiviringa, Baba. Utashikamana na nyuzi nyingine, uwe takataka. Kazi ya kaka ilikuwa kujua unafikaje kwenye utando bila kuharibika. Na haungojwi umalizike. Kuna mchukuzi, mdogo sana, anayezunguka mahali nyuzi zinaposokotwa. Kipande cha kwanza cha mafuta kikichomoza tu, anakishika. Anaupeleka uzi pamoja na mashine inayousokota, mpaka utandoni. Pale yupo mpokeaji. Wakikutana, mzigo unashushwa mlangoni, na mchukuzi anarudi kutafuta mwingine. Uzi unaendelea kusokotwa hapo hapo mlangoni huku unaingia."

Alipenyeza kamba, akavuta, akaipitisha upande wa pili, akairudisha.

"Mlango wenyewe, kaka na wenzake waliamini unafunguka njia mbili. Unafunguka kwenda nje, na unafunguka ubavuni, kuingia katikati ya mafuta. Kipande cha maji kinavuka. Kipande cha mafuta kinateleza ubavuni, kinabaki. Kingine kinarudi ndani. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na protini inakuwa imeshonwa kwenye utando."

"Na ikishonwa kinyume?" aliuliza Enoka. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Haishonwi kinyume mara nyingi. Kuna alama kwenye uzi, chaji ndogo za umeme, zinazofanya upande fulani ubaki ndani. Kaka aliandika kurasa nyingi juu ya hizo. Sikuzielewa zote. Halafu kuna protini chache fupi ambazo hata mlango ukizibwa zinaingia. Wakubwa wake walisema zinapenya zenyewe. Yeye hakukubali. Aliona lazima kuna msaada mwingine, mlango ambao hajauona mtu. Huo ndio aliokuwa anautafuta."

"Aliupata?" aliuliza mtu.

"Hapana."

Jibu hilo halikuwa la kumalizia hotuba, na Bernadetha alitikisa kichwa. Ndipo Sikujua akasimama, mkono mmoja kiunoni kwa uzito wa tumbo.

"Wifi, mimi ninauliza moja. Yule aliyemuua mama yangu. Naye ana mlango huo?"

Theopista alijua sasa ndipo mahali penyewe. Angeweza kusema hapana, na hapana ingekubalika na wote. Enoka alikuwa amegeuza shingo kumtazama mkewe.

"Anao," alisema. "Wale wa kaka walikuwa wapole, wa kufundishia. Lakini yule wa mama yako anachomeka protini zake kwa njia ile ile. Mchukuzi anaye, mpokeaji anaye, mlango anao. Asipokuwa nao hawezi kuishi."

"Na kaka yako alitaka kumsaidia apite?"

"Hakumsaidia. Alikuwa anaangalia anavyopita. Hakuna aliyekuwa anajua vizuri."

"Mtu akijua, anaweza kuuziba?"

"Labda, siku moja. Yeye hakufika huko. Nikikwambia alifika nitakuwa ninakudanganya."

Sikujua aliangalia kamba kwenye kitanda. Wanawake walimvuta kanga akae, hakukaa.

"Mimi tangu nizaliwe," alisema, "nimeambiwa vijidudu, vijidudu. Hakuna aliyeniambia vina mlango. Nilidhani vinapita popote, kama pepo." Akamgeukia mumewe. "Wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi pokea. Ila useme kama alivyosema yeye. Usiongeze udaktari."

Bernadetha alijifanya anafunga kilemba.

Enoka akaeleza. Alisema Telesphor mwana wa Yohani alikaa miaka minne Ulaya akiangalia jinsi bakteria anavyowamba utando wake kabla kamba haijaisha. Mahali fulani alimchanganya mchukuzi na mpokeaji, na chaji aliziruka zote. Theopista alifungua mdomo, akaufunga. Ya muhimu yalikuwemo. Alipofika kwenye mlango usiojulikana alisema, "Akafa anautafuta," akaishia hapo, kisha akasema, "Nimeipokea." Yohani aliinuka mwenyewe, akamkabidhi daftari kwa mikono miwili. Vigelegele vikapigwa, cha Bernadetha kikiwa kirefu kuliko vyote.

Theopista alirudi kuegemea nguzo ya baraza. Alijisikia kama mtu aliyemaliza kusahihisha mitihani ya darasa zima; hakuwa na furaha wala uchungu, mikono tu ilikuwa imechoka. Jina lilikuwa limebaki. Hilo ndilo alilolitaka kwa miezi mitano.

"Bado," alisema Bernadetha, akimshika kiwiko. "Jina halijaamka. Wa kwanza kuliita ni dada wa tumbo moja. Nenda ukamwite aje ale."

Theopista hakuwa amelifikiria hilo. Alijua desturi, alishawaona wengine wakiifanya, lakini kwa miezi yote hiyo alikuwa ameangalia tu jina lisipotee. Hakuwa ameangalia litakwenda wapi. Alitembea mpaka mkekani. Enoka alikuwa amekaa na daftari mapajani, na masikio yake makubwa, na shati lake la Jumapili. Hakufanana na Telesphor hata kidogo. Watu walikuwa wanamsubiri.

Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Mahali fulani nyuma Malale alikohoa. Enoka alimtazama kwa chini, akaona anavyosita, akasema kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuisikia, "Taratibu, dada. Mimi niko hapa."

"Telesphor," alisema Theopista.

Sauti haikutoka vizuri. Bernadetha alimpa ishara arudie, kwa kuwa mzee mmoja wa pembeni hakusikia.

"Telesphor, njoo ule."

"Ninakuja," alijibu Enoka, akainuka.